Mbiu, Kibarua na Namba: Lugha ya Kuita Watu Kazini katika Historia ya Songea

1.0 Utangulizi

Historia ya vyombo vya habari nchini Tanzania huandikwa kwa kawaida kama historia ya magazeti na redio. Historia ya ajira huachiwa wanauchumi, na ile ya matangazo ya biashara haijapata mwenyewe. Mgawanyo huo ni wa vitivo vya vyuo vikuu, si wa maisha ya watu. Kwa mkazi wa Songea, mambo hayo matatu yamekuwa jambo moja tangu mwanzo wa ukoloni. Kazi ya mshahara ilikuwa mbali. Kwa hiyo ilihitaji mtu au chombo cha kuipeleka habari yake, na habari hiyo ililazimika kusemwa au kuandikwa kwa lugha fulani.

Hoja ya mhadhara huu ni kwamba anayepeleka habari ya kazi huchagua lugha, na anayechagua lugha amekwisha kuamua, kabla ya usaili wowote, nani atasikia na nani hatasikia. Songea ni mahali panapofaa kuichunguza hoja hiyo. Mji huo uko zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam kwa barabara, na kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 wilaya zake zilijulikana na waajiri kama chemchemi ya nguvukazi kwa mashamba ya mbali. Aidha, lugha za nyumbani za eneo hilo, yaani Kingoni, Kindendeule, Kimatengo, Kiyao na nyinginezo, hazikuwa lugha za mwajiri yeyote. Anayetaka kujua Kiswahili kiliingiaje katika nyumba za bara, na Kiingereza kilikaaje juu yake, atapata mengi ya kujifunza hapo.

2.0 Kodi, karani na kibarua

Kiswahili kimehifadhi kumbukumbu ya njia za kale za kueneza habari. Mbiu ilikuwa pembe ya mnyama iliyopulizwa ili watu wakusanyike, na methali ingali ikisema kwamba la mgambo likilia kuna jambo. Neno tangazo lenyewe linatokana na kitenzi tangaa, yaani kuenea na kujulikana. Katika maneno hayo mawili mna wazo moja: habari ya watu wote humfikia hata asiyeitafuta. Mkulima aliyeko shambani husikia pembe bila kujiandikisha popote na bila kuulizwa kiwango chake cha elimu.

Utawala wa Wajerumani ulileta aina nyingine ya wito. Kodi ya nyumba, iliyoanza kutozwa mwaka 1898, ilidai fedha mahali ambapo fedha haikuwa na chimbuko, na hivyo ikawalazimu watu kutafuta kazi ya ujira. Wangoni walijiunga na Vita vya Maji Maji mwaka 1905. Mwezi Februari 1906 viongozi wao walinyongwa mjini, na Nduna Songea Mbano, ambaye mji unabeba jina lake, aliuawa mwaka huohuo. Vita vilifuatwa na njaa kali. Jamii iliyokuwa imepoteza watawala wake na akiba yake ya chakula ndiyo iliyokabiliwa na madai ya kodi na kazi katika miaka iliyofuata.

Katika kipindi hicho Kiswahili kilikuwa na thamani ambayo hakijawahi kuwa nayo tena katika soko la ajira. Wajerumani walikitumia katika ngazi za chini za utawala. Shule ya serikali ya Tanga, iliyofunguliwa mwaka 1892, iliandaa makarani, walimu na maakida waliotumwa bara, na gazeti la Kiongozi lililotoka Tanga mwanzoni mwa karne ya 20 liliwaunganisha watumishi hao. Aliyejua kusoma na kuandika Kiswahili aliweza kupata mshahara. Upande wa Songea, Wabenediktini walifungua misheni ya Peramiho mwaka 1898. Huko baadaye kilikuwapo kiwanda cha uchapaji kilichotoa vitabu vya Kiswahili vya dini na shule, na katika karakana za misheni vijana walijifunza useremala, uashi na uchapaji. Chombo cha habari na ajira vilikaa chini ya paa moja.

Kwa wasio makarani, neno lililowafikia lilikuwa kibarua. Asili yake ni barua ndogo, kipande cha karatasi alichopewa mfanyakazi wa siku kuwa ushahidi wa kazi yake. Baadaye maana ilihama kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye kazi, kisha kwa mtu mwenyewe. Leo mtu huitwa kibarua, na aliyefukuzwa kazi husemwa kuwa kibarua chake kimeota nyasi. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba katika lugha hii jina la mfanyakazi wa chini limetokana na hati ambayo mara nyingi yeye mwenyewe hakuweza kuisoma.

3.0 Manamba

Waingereza waliporithi Tanganyika, waliigawa ngazi ya ajira katika sehemu mbili. Kiswahili kilibaki lugha ya shule za msingi, ya mahakama za chini na ya amri za kila siku. Kiingereza kikawa lugha ya shule za juu na ya ofisi zenye mishahara mizuri. Mkutano wa elimu wa Dar es Salaam wa mwaka 1925, mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulioichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, vyote viliijenga sehemu ya kwanza ya ngazi hiyo kwa uangalifu mkubwa. Hata hivyo, havikubadili ukweli kwamba ngazi ilikuwa na sehemu ya pili, na kwamba lugha ya kupandia huko haikuwa Kiswahili.

Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa mwaka 1923 na Idara ya Elimu, lilieneza Kiswahili sanifu kwa kurasa zake za habari, barua na mashairi. Wasomaji wake wa bara walikuwa hasa walimu, makarani na makatekista, yaani watu waliokwisha kupata kazi. Aliyekuwa bado hajaipata, habari ya kazi ilimjia kwa njia nyingine kabisa.

Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi ya kuandikisha wafanyakazi, iliyojulikana kwa kifupi kama SILABU, na Songea ilikuwa miongoni mwa maeneo yake ya kuandikishia. Watu walichukuliwa kwa mkataba na kupelekwa mashambani, hasa upande wa Tanga. Uhamaji huo ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwanaanthropolojia P. H. Gulliver aliutungia kitabu kizima, kilichochapishwa mwaka 1955, kuhusu Wangoni na Wandendeule. Haikuwa kwamba Songea haikuwa na zao la biashara. Chama cha ushirika cha NGOMAT, kilichoanzishwa mwaka 1936, kiliuza tumbaku ya Wangoni na Wamatengo. Lakini tumbaku haikumfikia kila mtu, na kodi ilimfikia kila mtu.

Ushahidi wa lugha juu ya kipindi hiki ni mzito kuliko takwimu. Walioandikishwa waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alitambuliwa kwa namba. Kadi yao iliitwa kipande, na ilikuwa na nafasi 30 za kuwekwa alama, moja kwa kila siku ya kazi iliyokamilika. Neno mshahara lina mzizi wa Kiarabu wenye maana ya mwezi, lakini mwezi wa manamba haukuhesabiwa kwa kalenda wala kwa kuandama kwa mwezi angani. Ulihesabiwa kwa nafasi zilizojazwa, na siku ambayo kazi haikukamilika haikuwamo katika hesabu.

Kwa watu wengi wa Songea Kiswahili kilikomaa huko, kambini, kati ya Wangoni, Wanyamwezi, Wabena na wengine wasiokuwa na lugha nyingine ya pamoja. Aliyerudi nyumbani alirudi na shuka, na baiskeli kama alibahatika, na lugha. Mali zake zilikuwa tangazo lenye nguvu kuliko maneno ya mwandikishaji yeyote, kwa sababu kijana aliyeziona hakuhitaji kuelezwa kwamba huko mbali kuna fedha. Hivyo ndivyo lugha ya taifa ilivyopata wasemaji: kwa vitabu vya Kamati upande mmoja, na kwa jasho la mkonge upande wa pili. Historia ya usanifishaji imeandikwa mara nyingi. Historia ya kambi za mkonge kama shule ya Kiswahili haijaandikwa vya kutosha.

4.0 Mwana wa Matimila

Yupo mtu mmoja ambaye maisha yake yaliziunganisha nyuzi zote tatu za mhadhara huu, naye alizaliwa Songea. Rashidi Mfaume Kawawa alizaliwa mwaka 1926 katika kijiji cha Matimila. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, akiwa mtumishi wa serikali, alikuwa mwigizaji mkuu wa filamu ya Kiswahili iitwayo Muhogo Mchungu, inayomhusu mtu wa shamba anayefika mjini na kulaghaiwa. Mwaka 1955 akawa katibu mkuu wa kwanza wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi la Tanganyika. Mwezi Januari 1967, akiwa Makamu wa Pili wa Rais, alitoa agizo kwamba shughuli za serikali zifanywe kwa Kiswahili.

Agizo hilo hutajwa katika vitabu vya isimujamii kama tukio la sera ya lugha. Ni sahihi zaidi kuliona pia kama tukio la ajira. Kwa mara ya kwanza tangu kuondoka kwa Wajerumani, mtu aliyejua Kiswahili vizuri aliweza kuingia ofisini bila kuomba radhi. Mwaka huohuo liliundwa Baraza la Kiswahili la Taifa, na likatolewa Azimio la Arusha lililoifanya serikali kuwa mwajiri mkuu. Mhitimu alipangiwa kazi, hakuitafuta gazetini.

Matangazo ya biashara nayo yalipungua nguvu. Methali husema kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980, bidhaa zilipoadimika, hata kibaya kilijiuza. Ustadi wa kutangaza ulihamia katika kampeni za umma. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya wananchi wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma pamoja, na iliendeshwa kwa Kiswahili. Redio Tanzania Dar es Salaam ikawa mbiu ya nchi nzima. Ilitangaza taarifa za vifo, salamu na mikutano, na mwenye redio ya betri kijijini aliwasikilizisha majirani zake. Lugha ya aliyetangaza na lugha ya aliyesikia ilikuwa moja.

Si kwamba kipindi hicho kilikosa kasoro. Songea yenyewe ina mfano unaouma. Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kilichoanzia Litowa kikiongozwa na Ntimbanjayo Millinga na vijana wenzake wa TANU, kilikuwa kimeonyesha kwamba watu wanaweza kujipatia kazi bila mwandikishaji na bila kungoja kupangiwa. Kilivunjwa mwezi Septemba 1969. Mwaka 1983 Sheria ya Nguvukazi iliwataka wasio na ajira wa mijini wapewe kazi, mara nyingi kwa kurudishwa vijijini. Aidha, Kiingereza hakikuondoka katika shule za sekondari. Ofisi ilibadili lugha, lakini mlango wa kuifikia haukubadilishwa. Kosa hilo dogo la miaka ya 1960 limezaa tatizo la leo.

5.0 Kutoka nguvukazi hadi soko la ajira

Sera za uchumi zilipobadilika kuanzia katikati ya miaka ya 1980, msamiati ulibadilika pamoja nazo. Ubinafsishaji, soko huria, mjasiriamali na kujiajiri ni maneno yaliyoenea katika kipindi hiki. Katika miaka ya 1990 watumishi wengi wa umma walipunguzwa kazini. Wauzaji wadogo wa barabarani jijini Dar es Salaam walipewa jina la wamachinga, ambalo ni jina la watu wa Lindi, jirani za watu wa Ruvuma. Kwa mara nyingine kusini iliipa nchi neno la kazi ya chini.

Badiliko linalostahili kupimwa zaidi ni lile la kutoka nguvukazi kwenda soko la ajira. Katika neno la kwanza mtu ni nguvu ya taifa. Katika la pili ni bidhaa iliyotandazwa mbele ya mnunuzi. Vitabu vya mafunzo vilivyotafsiriwa humshauri kijana ajiuze kwa mwajiri, bila kujali kwamba katika Kiswahili kujiuza ni neno la aibu. Hutakiwa pia kuandika wasifu na kueleza sifa zake, ilhali mzizi huohuo umempa neno kujisifu, ambalo malezi yake yamemfundisha kuwa ni tabia mbaya. Msaili anayemwona kijana wa Songea akiinamisha macho na kusema machache huenda akadhani hajiamini. Yumkini kijana huyo anafuata adabu ya lugha yake. Hapa lugha haijashindwa. Imeombwa kubeba mwenendo ambao haukukulia ndani yake.

Wakati huohuo vyombo vya habari viliongezeka. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 iliruhusu redio na televisheni za watu binafsi. Radio One na ITV zilianza mwaka 1994. Magazeti ya kila siku ya Kiswahili yaliongezeka, Mwananchi likianza mwaka 2000 na HabariLeo mwaka 2006. Radio Maria Tanzania ilianzia Songea mwaka 1996, na baadaye mji ulipata redio nyingine zake, ikiwamo Jogoo FM. Matangazo ya biashara yalirudi kwa kishindo, nayo yalizungumza Kiswahili. Kampuni za simu za mkononi zilipohitaji wateja hadi vijijini, hazikuthubutu kuwasemesha kwa Kiingereza. Zilitumia mafumbo, utani na Kiswahili cha mitaani, na huduma za kutuma fedha kwa simu zilizoenea kuanzia mwaka 2008 zililifanya neno wakala, la kale katika biashara ya pwani, kuwa maandishi ya kila ukuta wa duka.

Lakini msomaji wa gazeti lilelile la Kiswahili akigeuza ukurasa hukutana na tangazo la kazi lililoandikwa kwa Kiingereza. Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Mtu huyohuyo, anapotakiwa atoe fedha yake, huitwa kwa Kiswahili. Anapotafuta kupewa fedha, huitwa kwa Kiingereza. Haiwezekani kudai kwamba Kiswahili hakina uwezo wa kuandika tangazo la kazi, kwa sababu halmashauri zinapotafuta watendaji wa vijiji, madereva na walinzi huyaandika kwa Kiswahili fasaha, zikitaja sifa, majukumu na mwisho wa kupokea maombi. Kinachotokea ni kwamba mgawanyo wa ngazi uliowekwa na Waingereza ungali hai, isipokuwa sasa hauna sheria inayoulinda. Unalindwa na mazoea.

6.0 Namba

Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, iliyotokana na marekebisho ya sheria ya mwaka 2007, imeuweka mchakato wa maombi ya kazi za serikali katika mfumo wa kielektroniki. Faida zake zisibezwe. Kijana wa Songea hahitaji tena kusafiri hadi Dar es Salaam kupeleka bahasha, na maombi yake huingia mahali pamoja na ya mtoto wa mkubwa.

Hata hivyo, asili ya tangazo imegeuka. Mbiu ilimtafuta msikilizaji. Sasa msikilizaji ndiye anayeitafuta mbiu. Hana budi kuwa na simu inayofaa, fedha ya kununua muda wa intaneti, anwani ya barua pepe na namba ya kitambulisho cha taifa. Babu yake alipewa namba baada ya kupata kazi. Yeye anaidaiwa namba kabla ya kuruhusiwa kuiomba.

Pale ambapo tangazo la kweli ni gumu kulifikia au kulielewa, tangazo la uongo hustawi. Sekretarieti imelazimika mara kwa mara kuwaonya wananchi dhidi ya matapeli wanaodai fedha ili kuwapatia kazi. Matapeli hao wana elimu moja ambayo waajiri wengi hawana: huandika kwa Kiswahili chepesi. Ujumbe mashuhuri unaomtaka mpokeaji aitume ile hela kwenye namba nyingine haujawahi kutumwa kwa Kiingereza, kwa kuwa anayetaka kuaminiwa hutumia lugha ya moyoni. Muhogo Mchungu alilazimika kufika mjini ndipo alaghaiwe. Mjukuu wake hulaghaiwa akiwa palepale nyumbani.

7.0 Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa haithibitishi kwamba Kiingereza hakifai. Rubani, mtafiti na mfanyabiashara wa kimataifa watakihitaji, na shule zina wajibu wa kukifundisha vizuri kuliko zinavyokifundisha. Inachothibitisha ni kwamba lugha ya tangazo la kazi haikuwahi kufuata lugha ya kazi yenyewe. Muuguzi wa Songea huongea na mgonjwa kwa Kiswahili. Karani wa benki humhudumia mkulima wa mahindi kwa Kiswahili. Afisa ugani akisema Kiingereza shambani hatapata wa kumsikiliza. Wote watatu wanaweza kukosa kazi kwa sababu ya lugha ambayo hawataitumia siku watakapoipata.

Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, jambo lililokuwa limedhaniwa kwa miongo mingi kuwa haliwezekani. Kulinganisha na hilo, kutoa tangazo la kazi kwa lugha mbili ni kazi ya mchana mmoja. Kulisoma katika redio ya mkoa ni kazi ya dakika tano. Kufanya usaili kwa lugha ambayo kazi itafanywa kunahitaji uamuzi tu wa mwajiri. Kwa wanafunzi wa isimu, wajibu ni wa namna nyingine: kukusanya matangazo ya kazi ya miaka mia moja iliyopita kwa bidii ileile inayotumika kukusanya mashairi, na kuwasikiliza wazee wachache wa Ruvuma waliobaki ambao walijazwa alama katika kipande. Wazee hao wanajua Kiswahili kiliwagharimu nini. Wajukuu zao wanastahili angalau kuitwa kwacho.